Miungu ya Ugiriki ndani ya koltani, dawa mseto na king'ora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa sayansi, wazazi wanaosaidia kazi za nyumbani, na watu waliokutana na jina geni kwenye pakiti ya dawa wakataka kujua limetoka wapi. Kila jibu linajitosheleza. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini wanasayansi huchukua majina kwenye visasili vya Ugiriki?

Wasomi wa Ulaya waliovipa majina vitu vingi tunavyosoma leo walifundishwa Kilatini na Kigiriki tangu utotoni. Hadithi za Zeus, Athena na Achilles walizijua kama sisi tunavyozijua za Sungura na Fisi. Mtu akigundua metali mpya, alihitaji jina ambalo mwenzake wa Sweden, Ujerumani au Uingereza angelielewa bila ugomvi wa nchi ipi imependelewa. Miungu ambayo watu wameacha kuiabudu ilifaa sana kwa kazi hiyo.

Faida nyingine ni kwamba jina la namna hii hubeba hadithi nzima. Mwanafunzi anayejua kisa cha Tantalus (swali la 7) hahitaji kukariri kwamba tantali haiyeyuki kirahisi katika asidi, kwa sababu kisa chenyewe kinamkumbusha. Ndiyo maana naamini walimu wa kemia na baiolojia wangesimulia visa hivi kabla ya kuandika jina ubaoni.

2. Jupiter, Mars na Venus ni wa Ugiriki au wa Roma?

Wa Roma. Warumi waliifananisha miungu yao na ile ya Wagiriki: Zeus, mfalme wa miungu, akawa Jupiter, Ares akawa Mars, Aphrodite akawa Venus, Hermes akawa Mercury. Hephaestus, mhunzi wa miungu, akalinganishwa na Vulcan, na hapo ndipo lilipotoka neno volkano. Miezi yetu pia ina Warumi ndani yake: Machi ni ya Mars na Juni ni ya Juno. Januari ni ya Janus, ambaye Wagiriki hawakuwa na wa kumlinganisha naye.

Katika sayari kubwa, iliyobaki na mungu wa Kigiriki ni Uranus, mungu wa mbingu. William Herschel aliigundua mwaka 1781 akataka iitwe kwa heshima ya Mfalme George wa Tatu. Wanaastronomia wa nchi nyingine hawakulipenda jina hilo, na pendekezo la Mjerumani Johann Bode ndilo lililoshinda.

3. Mbona Kiswahili kinasema Zuhura na Mirihi?

Kwa sababu elimu ya nyota ilifika pwani yetu kwa Kiarabu, pamoja na mabaharia na wanazuoni. Utaridi (Mercury), Zuhura (Venus), Mirihi (Mars), Mshtarii (Jupiter) na Zohali (Saturn) huonekana kwa macho matupu, hivyo zilikuwa na majina kabla ya darubini yoyote kuletwa huku. Uranus na Neptune zilijulikana baada ya darubini, ndiyo maana zikaja na majina ya Ulaya. Zebaki nayo ni hivyo hivyo: Waingereza huiita kwa jina la mungu Mercury, sisi tulilipata jina lake kwa Waarabu.

## Angani

4. Je, Kilimia ni nyota zilezile za mabinti wa Atlas?

Ndizo. Wagiriki walisimulia kwamba Atlas, aliyehukumiwa kuibeba mbingu mabegani, alikuwa na mabinti saba. Mwindaji Orion akawafukuza mpaka Zeus akawageuza kuwa nyota. Hata leo ukitazama angani utamwona Orion akiwafuata nyuma.

Kiswahili hakikuazima chochote hapa. Kilimia kimetokana na kulima, na wahenga waliacha kauli yake: *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.* Kundi hilo hupotea katika mwanga wa jua kwa wiki kadhaa kisha huchomoza tena alfajiri, na mkulima alilisoma kama kalenda. Mshairi Hesiod wa Ugiriki naye aliwaambia wakulima wake wavune nyota hizo zinapochomoza na walime zinapozama. Wakulima wa nchi mbili, kila mmoja kwa misimu yake, waliangalia nyota zilezile kwa ajili ya jembe. Mimi hupenda zaidi jina letu, kwa sababu linataja kazi yenyewe.

5. Asteroidi za Trojani ni zipi? Zinahusiana na "trojani" ya kwenye kompyuta?

Zote mbili zimetoka kwenye vita vya Troia, mji uliozingirwa na Wagiriki katika visasili. Mwaka 1906 Max Wolf aligundua asteroidi, yaani mwamba wa angani, inayotangulia sayari ya Mshtarii katika njia ileile ya kulizunguka Jua, akaiita Achilles. Zilipopatikana nyingine, ikawa desturi kundi la mbele kupewa majina ya mashujaa wa Kigiriki, na kundi la nyuma majina ya watu wa Troia. Mbili zilikwishapewa majina kabla desturi hiyo haijakaa sawa. Kwa hiyo Hektor, mwana wa mfalme wa Troia, yumo kambi ya Wagiriki, na Patroclus, rafiki wa Achilles, yumo kambi ya Troia. Wanaastronomia huwaita wapelelezi.

Trojani ya kompyuta ni programu inayojifanya kitu chema ili uikaribishe mwenyewe, kama farasi wa mbao aliyeingizwa mjini akiwa na askari tumboni. Kwa haki ingeitwa ya Kigiriki, kwa sababu waliojificha ndani walikuwa Wagiriki, na watu wa Troia ndio waliodanganywa.

6. Kwa nini safari mpya za Mwezini zinaitwa Artemis?

Apollo na Artemis ni pacha, watoto wa Zeus na Leto. Safari zilizompeleka binadamu Mwezini mwaka 1969 ziliitwa Apollo, na Marekani ilipoupa jina mpango wake mpya mwaka 2019 ikamchagua dada yake, ambaye pia alihusishwa na Mwezi. Huyu Artemis utakutana naye tena kwenye pakiti ya dawa (swali la 12).

## Ardhini

7. Neno "koltani" lina uhusiano gani na Ugiriki?

Mtu wa Kivu hulisikia neno hili kila siku. Limeunganisha majina ya madini mawili, kolumbiti na tantaliti, na hiyo "tan" ya mwisho ni Tantalus.

Tantalus alikuwa mfalme, mwana wa Zeus, aliyekula meza moja na miungu kisha akaikosea vibaya. Adhabu yake ilikuwa kusimamishwa majini mpaka kidevuni, chini ya matawi yaliyosheheni matunda. Akiinama anywe, maji hunywea mpaka ardhi ikauka. Akinyoosha mkono achume, upepo huyarusha matawi juu. Kiu na njaa milele, na maji yamemzunguka.

Mwaka 1802 Anders Ekeberg wa Sweden alikuwa akipambana na metali mpya. Aliitumbukiza katika asidi nyingi, na asidi haikuingia hata kidogo. Imezama ndani ya kinywaji lakini hainywi: akaiita tantali. Mwaka 1844 Heinrich Rose, Mjerumani, alipoonyesha kwamba ndani ya madini hayo mna metali nyingine inayofanana nayo mno, aliiita niobi, kwa jina la Niobe, binti Tantalus. Rose aliamini pia ameona ya tatu akaiita kwa jina la Pelops, mtoto mwingine wa Tantalus, lakini baadaye ilibainika kuwa haikuwapo.

Leo tantali imo katika kapasita ndogo za simu, na sehemu kubwa yake hutoka Kongo na Rwanda. Kijana wa Rubaya anayeosha udongo wa koltani mtoni, maji yakimfika magotini, na utajiri ukimpita mikononi kwenda kwingine, anastahili kukijua kisa cha jina hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Humhusu.

8. Na urani ya Namtumbo, titani ya Kwale, heliamu ya Rukwa?

Urani ilipewa jina na Martin Klaproth wa Berlin mwaka 1789, kwa heshima ya sayari ya Uranus iliyokuwa habari mpya (swali la 2). Miaka sita baadaye Klaproth huyohuyo aliita metali nyingine titani, kwa majitu ya kale, Watitani, watoto wa Ardhi na Mbingu. Alieleza kuwa alitaka jina lisilodai lolote kuhusu tabia ya metali ambayo bado haijajulikana vizuri. Mchanga wenye titani ulichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, hadi mwishoni mwa 2024, na oksidi yake ndiyo inayong'arisha rangi nyeupe za ukutani.

Heliamu ni ya Helios, jua. Ilionekana kwanza kama mstari wa manjano katika mwanga wa Jua mwaka 1868, na ilichukua mpaka 1895 kwa William Ramsay kuipata hapa duniani, ndani ya madini ya urani. Habari za gesi hiyo katika bonde la Ziwa Rukwa zilitangazwa mwaka 2016.

9. Niandike urani au uraniamu, heli au heliamu?

Zote utazikuta vitabuni. Tofauti ni ile tamati ya Kilatini: wengine huikata, wengine huitamka kama wanavyoisikia kwa Kiingereza. Chagua namna moja, na usiibadilishe katikati ya andiko. Katika ukurasa huu nimefuata masikio ya watu: urani kwa sababu magazeti yameizoea, heliamu kwa sababu sijasikia mtu akisema heli mtaani.

## Viumbe

10. Ni kweli nguva na king'ora wana jina moja?

Kwa Kiswahili hapana, kwa lugha za Ulaya ndiyo. Wagiriki walisimulia juu ya Sirens, viumbe wa kike walioimba visiwani kwa sauti tamu mno. Baharia aliyewasikia alielekeza chombo miambani akafa. Shujaa Odysseus aliwaziba wenzake masikio kwa nta, yeye akafungwa kwenye mlingoti ili asikie bila kuangamia.

Wachoraji wa kale waliwachora kama ndege wenye vichwa vya wanawake. Baada ya karne nyingi watu wa Ulaya wakawageuza kuwa wanawake wenye mkia wa samaki. Wanazoolojia walipotafuta jina la oda ya nguva na jamaa zake wakaiita Sirenia. Nguva jike ana matiti kifuani karibu na makwapa, hunyonyesha mtoto wake, na huibuka kuvuta pumzi. Kwa mtu aliyemwona kwa mbali, jioni, hadithi ilikuwa tayari.

Kinachonigusa ni kwamba wavuvi wetu walifika palepale bila kusoma Kigiriki. Nguva ni mnyama anayekula majani ya baharini, na nguva ni yule mwanamke-samaki wa hadithi, neno moja kwa wote wawili. Mnyama mwenyewe sasa ni adimu sana. Wachache waliobaki Tanzania huonekana hasa kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na wakinaswa kwenye jarife huzama kwa kukosa hewa.

King'ora, ambacho kwa Kiingereza ni *siren*, kiliingia mwaka 1819, pale Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alipotengeneza chombo cha kutoa sauti kilichoweza kulia hata chini ya maji. Akakiita kwa jina la waimbaji hao wa baharini.

11. Kipepeo wa mndimu anaitwa Papilio demodocus. Demodocus ni nani?

Ni mwimbaji kipofu katika utenzi wa Odysseus, aliyeimba habari za Troia mpaka mgeni wake, Odysseus mwenyewe, akajifunika nguo alie. Carl Linnaeus, aliyepanga wanyama kwa majina mawili mawili mwaka 1758, aliwagawa vipepeo wakubwa kuwa mashujaa wa Troia na mashujaa wa Kigiriki, na waliomfuata wakaendelea kuchota kwenye visa hivyohivyo. Mara nyingi jina halina fumbo lolote, kipepeo alipewa tu lililokuwa bado halijatumika.

Huyu unaye nyumbani. Geuza majani machanga ya mndimu au mchungwa uone kitu kama kinyesi cha ndege, kahawia na doa jeupe: ndiye kiwavi wake akiwa mdogo. Akikua huwa kijani. Mguse kwa kijiti, atachomoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya machungwa, na harufu kali itakupiga puani. Mimi nilimjua kwanza kwa harufu hiyo, miaka mingi kabla ya kulijua jina la mwimbaji.

## Mwili na dawa

12. Dawa mseto ya malaria imemtajaje Artemis?

Soma pakiti: *artemether* na *lumefantrine*. Artemether hutengenezwa kutokana na artemisinini, inayotolewa kwenye mmea *Artemisia annua*, ambao hulimwa pia Afrika Mashariki. Jina la jenasi hiyo ni la zamani sana. Maelezo ya kale ni mawili: kwamba limetoka kwa Artemis, mungu wa kike wa mwituni na mlinzi wa wanawake wanaojifungua, au kwa malkia aliyeitwa Artemisia.

Jina la Kigiriki lisikufiche waliofanya kazi. Wachina waliuita mmea huo *qinghao*, na tabibu wao Ge Hong aliandika juu ya kuutumia kwa homa katika karne ya 4. Tu Youyou aliyasoma maandishi hayo, akaitoa dawa kwenye mmea bila kuipika kwa moto mkali, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Jamaa ya mmea huu Kiswahili kinaijua kwa jina la pakanga, ule mmea mchungu unaotajwa katika Biblia ya Kiswahili. Uchungu wake ni uleule uliowafanya watu wengi duniani waujaribu kama dawa.

13. Nyoka kwenye nembo za hospitali ni mmoja au wawili?

Mmoja. Fimbo yenye nyoka mmoja ni ya Asclepius, mungu wa tiba, na ndiyo iliyomo kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani. Fimbo yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Hermes, tarishi na mlinzi wa wafanyabiashara. Mkanganyiko ulisambaa sana baada ya kikosi cha tiba cha jeshi la Marekani kuichukua ya Hermes mwaka 1902. Nyoka na bakuli, alama ya maduka ya dawa, ni ya Hygieia, binti Asclepius, aliyesimamia usafi na afya.

14. Kwa nini kano la kisigino linaitwa la Achilles?

Mama yake alimchovya katika mto Styx ili asidhurike, akiwa amemshika kisigino, na pale maji hayakufika ndipo mshale ulipompata. Homer, mshairi Mgiriki aliyesimulia vita vya Troia, hakisimulii kisa hicho cha kuchovywa. Tunakipata kwa Statius, mshairi Mrumi wa karne ya 1.

15. Mofini je?

Ni ya Morpheus, mleta ndoto. Mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner aliitoa kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19.

## Maneno ya kila siku

16. Muziki na makumbusho vinaingiaje hapa?

Muziki ni sanaa ya Muses, mabinti tisa wa Zeus waliosimamia ushairi, nyimbo, ngoma na historia. Nyumba yao iliitwa *mouseion*, na iliyovuma kuliko zote ilikuwa Alexandria, Misri. Lugha nyingi za Ulaya ziliazima neno hilo kwa nyumba ya kuhifadhia vitu vya kale.

Sisi hatukuliazima. Tukasema makumbusho, kutoka kukumbusha. Sasa sikiliza: mama wa Muses aliitwa Mnemosyne, na maana yake ni Kumbukumbu. Waliotunga neno letu walimwacha binti wakamchukua mama.

17. Atlasi ya ramani na kitambaa cha atlasi ni neno moja?

Hapana. Kitambaa laini kinachong'aa kimetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya laini. Kitabu cha ramani kilipata jina kwa mchora ramani Gerardus Mercator, ambaye kazi yake ilichapwa mwaka 1595, baada ya kifo chake. Yeye alimkusudia Atlas mfalme wa Mauretania, mwenye elimu ya nyota, ingawa watu humdhania yule mbeba mbingu (swali la 4). Mbeba mbingu yumo kwenye pingili ya kwanza ya shingo, inayobeba fuvu, na kwenye jina la Bahari ya Atlantiki.

## Yenye utata

18. Maneno gani hudhaniwa ya visasili lakini siyo?

Protini haitokani na Proteus, mzee wa bahari aliyejigeuza maumbo. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya "cha kwanza". Protea, ua la milima mirefu ikiwemo Kilimanjaro, ndilo la Proteus, kwa sababu ya maumbo yake mengi. Kronolojia ni ya *chronos*, wakati, na si ya Kronos, baba yake Zeus, ingawa hata watu wa kale waliwachanganya. Olimpiki ni ya Olympia, mahali alipoabudiwa Zeus, si ya Mlima Olympus ulioko mbali kaskazini. Anofelesi, jina la mbu waenezao malaria, ni Kigiriki cha "asiye na faida", na hapo hakuna mungu yeyote. Metali za thori na vanadi ni za visasili kweli, ila vya watu wa Skandinavia.

19. Je, kutumia majina haya ni kuiheshimu miungu hiyo?

Swali hili huulizwa kwa dhati, na waumini wa dini zote mbili. Jina likishakuwa la kitu, hutaja kitu. Anayesema Machi hamwiti Mars, na muuguzi anayechoma sindano ya mofini hamwombi Morpheus. Wanaastronomia Waislamu waliotafsiri vitabu vya Kigiriki kwa Kiarabu waliyahifadhi makundi ya nyota pamoja na visa vyake: nyota iliyo kwenye kichwa cha Medusa, zimwi la Kigiriki lenye nyoka badala ya nywele, waliiita kichwa cha ghuli, zimwi, na jina hilo, Algol, linatumika duniani kote mpaka leo.

20. Nani huamua majina sasa, na ni lazima yawe ya Kigiriki?

Si lazima. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia husimamia majina ya angani, na kwa elementi kuna umoja wa wanakemia, ambao unaruhusu jina la kisasili cha watu wowote, mahali, madini, sifa au mwanasayansi.

Mfano mzuri ni chombo Lucy, kilichorushwa Oktoba 2021 kwenda kwenye asteroidi za Trojani (swali la 5). Kimepewa jina la mifupa ya kale iliyopatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, ambayo Waethiopia huiita Dinkinesh. Njiani, Novemba 2023, kilipita karibu na asteroidi ndogo iliyokwishapewa jina hilo la Dinkinesh, na picha zikaonyesha kwamba ina kimwezi chake. Kikaitwa Selam, kama mifupa ya mtoto wa kale iliyopatikana Dikika, si mbali na Hadar. Kwa Kiamhari maana yake ni amani, na neno hilo ni ndugu wa salama yetu.